Nyeupe Juu ya Nyeupe

Picha ya tatu nayo iliharibika. Ukuta mweupe ulitoka wa kijivu, mtandio mweupe ukatoka wa kijivu, na uso wa Bi Mwatime ukawa mweusi kama kitako cha sufuria.

“Huyu hata malaika wangu hawamjui,” alisema bibi, “sembuse afisa wa pasipoti.”

Ofisi ya pasipoti ingefungwa saa sita, na leo ilikuwa siku ya mwisho kwa waendao Hija.

“Bibi, nakuomba uvae mtandio mweusi,” alisema Saumu, mpiga picha. “Kamera ikiona weupe mwingi inadhani jua limezidi, basi inapunguza mwanga.”

“Nimenuia nyeupe, mwanangu. Hiyo kamera ndiyo ijifunze.”

Saumu alibana meno. Kipimo cha mwanga cha picha nzima kilikwisha kumshinda. Akajaribu kile cha katikati. Mtandio ukaidanganya kamera vilevile. Akachagua cha nukta, kinachopima mahali padogo kama punje ya mtama, akailenga nukta shavuni.

“Usitikisike, bibi.”

“Mimi nimetulia. Unayetikisika ni wewe.”

Safari hii kila kunyanzi lilionekana. Lakini mtandio na ukuta viliungua kwa mwanga vikawa weupe mmoja, kichwa kikakosa ukingo. Afisa angeikataa. Saumu alisonya, akapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta.

Bi Mwatime akamshika mkono. Aliutazama uso wake mwenyewe kwenye kioo cha kamera, peke yake ndani ya weupe usio na mwisho.

“Ngoja kwanza,” alisema taratibu. “Huko nimeshafika. Usinirudishe.”

Kidole cha Saumu kikabaki juu ya kitufe.