Neno "Mwanangu"

Mtaani kwetu, amri inayotolewa nyumba moja hutekelezwa na nyumba zote papo hapo. Asubuhi nilimkasirikia Elinami, nikauambia mlango, "Usimfungulie mwanangu mpaka aombe radhi."

Alasiri watoto wa mtaa mzima walikuwa nje. Kila mlango ulielewa kuwa mwanangu ni mtoto wa nyumba yake.

"Mzee Mbwambo, na mimi nimekosa nini?" binti wa jirani aliniuliza.

Nikatoka kuwaeleza. Elinami akacheka, akaomba radhi, akaingia. Nilipomfuata, mlango ukajifunga usoni pangu.

"Mama, nifungulie!"

Mama yangu, mwenye nyumba, akajibu kutoka ndani, "Mlango umekataa, baba. Unataka uniombe radhi kwanza."

"Radhi ya nini?"

"Kwani hukumbuki?"