Presha ya Zefania

Zefania alichovya tonge la ugali wa uwele kwenye mlenda, akalitafuna kwa shida, akasukuma bakuli pembeni. Mlenda bila chumvi ni adhabu. Tangu mavuno yaliyopita hajaonja chumvi ndani ya nyumba yake mwenyewe, yeye ambaye zizi lake linajulikana kijiji kizima cha Ulemo.

"Kula, Baba Naftali," alisema mkewe Kristina, naye akila mlenda uleule. "Leo tunakwenda kupimwa. Usiende na tumbo tupu."

Lililomuuma zaidi ni kwamba ile safari ya kwanza ya zahanati haikuwa yake. Walikwenda kwa ajili ya kichwa cha Kristina, kilichokuwa kikimgonga tangu kuamka hadi kulala, wakarudi na ugonjwa wa Zefania. Daktari wa misheni, mama wa Kizungu aliyekijua Kiswahili kuliko makarani wengi, alikuwa akimpima presha kila mtu mzima. Alimfunga Zefania mkanda mkononi, akabinya mpira, akasikiliza, akamwambia akapumzike nje. Kristina akabaki ndani muda mrefu. Zefania hakuona ajabu; mambo ya wanawake hayaishi upesi.

Njiani kurudi ndipo alipopewa habari.

"Baba Naftali, presha yako imepanda," Kristina alimwambia bila kumtazama. "Ukiendelea hivi utaanguka siku moja, usiinuke."

Neno hilo la kuanguka lilimwingia. Kaka yake alianguka mchana kweupe kwenye machimbo ya dhahabu ya Sekenke, koleo mkononi, akazikwa kesho yake. Kwa hiyo Zefania alitii, ila alitii akinung'unika. Chumvi ikaondoka nyumbani. Pombe nayo ikaondoka, yeye ambaye zamani akirudi kilabuni kijiji kizima kilimsikia akigombana na mlango wake. Hata hasira alikatazwa, na hilo ndilo lililomkondesha. Serikali ya Mwingereza ilipoleta amri ya kupunguza ng'ombe, wenzake walifoka barazani kwa mtemi mpaka mishipa ikawatoka shingoni. Yeye alikaa kimya kama bibi arusi. Akifika nyumbani akitaka walau amfokee mkewe, Kristina aliinua kidole kimoja tu na kusema, "Presha." Maneno yakamrudia kooni.

Kisha likaja la jasho. Kwa maelezo ya Kristina, daktari alitaka mgonjwa atoke jasho kila siku. Basi mzee mzima akawa anaswaga punda kisimani na kubeba kuni kichwani, mkewe ameketi kivulini akichambua mboga. Wanaume wa Ulemo walimcheka mpaka wakachoka. Rafiki yake Marko alimwuliza kama siku hizi anajua na kusuka ungo.

"Hivi kwa nini ugonjwa huu usikupate wewe?" Zefania alimwuliza mkewe siku moja kwa uchungu. Aliamini, kama wenzake wote, kwamba presha ni ya wanaume. Damu ya mwanamke ina mlango, ikizidi, hutoka.

"Mlango wangu ulishafungwa mwaka juzi," Kristina alijibu taratibu. "Kunywa uji wako."

Sasa ilikuwa siku ya kupimwa tena, na pombe ya mavuno ilikuwa imeshaanza kuchachuka kwa Marko. Zefania alikuwa amemwambia amwekee kibuyu. Daktari akisema presha imeshuka, atakunywa, ataimba, na kesho yake atakwenda barazani kutapika yote aliyoyameza mwaka mzima. Akisema haijashuka, heri wamchimbie kaburi mapema, maana maisha haya yalikuwa yamemshinda.

Walipoingia kwa daktari, Zefania alikimbilia kiti akakunja mkono wa shati. Daktari aliwasalimu, akamwomba mzee ampishe mkewe kidogo, akamkalisha Kristina. Zefania alisimama ukutani akiwa amenuna. Hata kwa ugonjwa wake mwenyewe alipangiwa foleni.

Daktari alipima, akasikiliza, akapima tena. Uso wake ukakunjuka.

"Imeshuka, mama. Imeshuka sana."

"Hiyo ya kwake ni ya nini?" Zefania alishindwa kuvumilia. "Niambie yangu."

Daktari alimtazama kwa mshangao. Yake, alisema, tangu siku ile ya kwanza ni ya kijana. Anayeumwa ni mkewe: mwili wa mwanamke una kinga yake, lakini uzazi ukikoma kinga hiyo hupungua, na presha huweza kumpanda hata akampita mwanamume. Kisha akamgeukia Kristina, mkanda bado mkononi.

"Lakini nilipokuambia upate utulivu nyumbani, uliniambia mumeo hawezi kuacha pombe wala makelele eti kwa ajili ya kichwa cha mke. Ulimwezaje?"