Chini ya Ulimi

Kutoka Birmingham, Séverin na binti yake walifika na gari lao la kulala kwenye mji mdogo wa Wales uliowahi kuchimba dhahabu. Siku hizi watalii huja kujifunza kuosha mchanga mtoni.

Mwongozaji alianza kumwelekeza Séverin namna ya kushika karai, lakini viganja vyake vilishalizungusha vyenyewe, matope yakimwagika kidogo kidogo, hata ikabaki chembe moja ya dhahabu.

Séverin akatupa jicho huku na huku, akaibana upesi chini ya ulimi.

Binti yake akacheka. "Papa! Walisema ni yetu. Uko unamuficha nani?"

Séverin alitazama ukingoni. Hapakuwa na askari hata mmoja.

Kicheko kikamkauka msichana.

"Papa," akasema polepole, "si ulituambia kule Kivu ulikuwa mwalimu?"