Kiti cha Nyuma

Gari jipya la mume wao lilikuwa dogo, jekundu, la milango miwili, lenye mbio. Siku ya harusi ya shemeji yao, Salha, mke mdogo, aliwahi kukaa mbele, gazeti mkononi.

“Bi Mkubwa, fundi kaandika humu kwamba nyuma ya gari hili mtu mzima hakai. Bora ubaki.”

“Fundi gani huyo? Muongo!” alisema Bi Tunu. “Hebu teremka nipite.”

Salha akateremka, akakiinamisha kiti chake. Bi Tunu akajipenyeza, magoti yakamfika kidevuni.

“Umeenea, mke wangu?” aliuliza Masudi.

“Mbona hata kulala nalala!”

Gari likaondoka. Mkono wenye hina mpya ukapenya katikati ya viti, ukatua begani kwa Masudi, ukakaa.