Mishale ya Lugendo

Lugendo, mwongoza watalii wa bonde la mto, aliyakuta mawe yake matatu jikoni kwa Bi Nyamizi, chini ya sufuria ya maharage. Mishale myeupe aliyoichora kuonyesha njia ya maporomoko ilikuwa imeanza kuingia masizi. Watalii wanne, walipofika njia panda bila kuona mshale, walikuwa wamefuata njia pana mpaka hapo, wakaiona mishale mafigani, wakajua wamefika. Walikaa mkekani wakingoja kwa adabu.

“Shikamoo, bibi. Naomba mawe yangu. Mkuu wa hifadhi anakuja leo kukagua njia, na amesema mgeni mmoja tu akipotea, sina kazi.”

“Marahaba. Mwanangu, tangu lini figa likaondolewa sufuria ikiwa motoni? Kaa. Maharage yenyewe nimeyabandika sasa hivi.”

Lugendo akakaa. Akachochea moto, akaongeza kuni, akaongeza tena.

Adhuhuri mkuu akatokea mlangoni, jasho linamtiririka, suruali imejaa miiba. Alipoiona mishale akashusha pumzi.

“Afadhali! Nilishaanza kudhani nimepotea.” Akajibana mkekani kati ya watalii. “Haya, Lugendo. Maporomoko yenyewe yako wapi?”

Lugendo akafungua mdomo. Kabla hajasema neno, mfuniko uliruka, maharage yakafurika, na povu likaporomoka juu ya mishale yote mitatu.

Watalii wakainua kamera.