Lengo Limefikiwa

Darasa zima lilisoma lengo ubaoni kwa sauti moja, kama kwaya: "Mwisho wa kipindi nitaweza kujumlisha sehemu!"

Mlangoni, mwalimu mkuu akamtazama mkaguzi wa shule aliyesimama naye, akatabasamu.

"Haya, nusu jumlisha robo?" mwalimu wa hesabu akauliza.

"Mbili juu ya sita!"

Walikuwa wamejumlisha namba za juu, wakajumlisha na za chini. Mkaguzi akapiga makofi. "Safi sana! Lengo limefikiwa. Kesho waanze desimali."

Chaki ikavunjika mkononi mwa mwalimu.

"Hawaanzi kitu," akasema. "Walikuwa na nusu, nimewaongezea robo, wamebaki na mbili juu ya sita, yaani theluthi. Nani kawaibia? Na nyinyi mnapiga makofi ya nini?"

"Mwalimu, tafadhali, mbele ya mgeni," mwalimu mkuu akanong'ona.

Mwalimu wa hesabu akaugeukia ubao. Alifuta lengo kwa kiganja, unga wa chaki ukamjaa hadi kwenye kiwiko, akaandika jipya kwa kipande kilichobaki, akikikandamiza mpaka ubao ukalia. Kisha akageuka.

Darasa zima likalisoma kwa sauti moja, kama kwaya:

"Mwisho wa kipindi nitaacha kuitikia nisichokielewa!"