Anayelipwa Kupumzika

Mshana alistaafu akiwa na miaka hamsini, akavishwa bangili ya pensheni kama wastaafu wote wa mapema. Sheria ilikuwa wazi: anayelipwa kupumzika, apumzike. Bangili ilitambua kila kazi ya mikono, hata ya nyumbani, na kosa moja lilifuta malipo ya mwezi mzima. Pensheni hiyo ndiyo iliyowalisha. Kwa hiyo mkewe, Namsifu, alifua, akapika na kuteka maji peke yake, huku Mshana amekaa barazani akimtazama, mikono mapajani.

Asubuhi moja Namsifu aliteleza uani na sufuria ya maji ya moto. Mshana aliinuka, akaitazama bangili, ndipo akakimbia kumwinua. Bangili ikatetemeka. Malipo ya mwezi huo yalikuwa yamekwenda.

“Nisamehe, Mama Upendo,” alisema huku akimmwagia maji baridi mguuni. “Pesa tutapata kwingine.”

“Sijakuuliza pesa,” Namsifu alijibu polepole. “Nilikuwa nimelala pale chini nakuangalia, Baba Upendo. Ulikuwa unapiga hesabu.”

Mshana aliendelea kummwagia maji, na mkewe akageukia ukutani.